Kikopo cha Fundi Shomari

Arobaini ya Shangazi Tatu ilipokwisha, kule kwetu Kisarawe, wanawake tulikaa chumbani kwake kugawana nguo. Hazikuwa nyingi. Kanga jozi saba, mbili hazijaguswa na maji tangu ziletwe, shuka ya maua, na mkeka alioanza kuushona akauacha ukingoni. Chini kabisa ya kasha kulikuwa na kanga kuukuu iliyopigwa fundo kwenye pembe, kama fundo la kufungia senti, ila hili lilikuwa nene. Wifi yangu, mke wa Kaka Kondo, alilifungua kwa meno. Kitu kikadondoka sakafuni na kulia bati.

Wifi akaruka mpaka ukutani. "Bismillahi! Kumbe Shangazi naye alikuwa na mambo haya?"

Mimi sikuruka. Kilikuwa kikopo cha bati, urefu wa kidole cha shahada, kimezungushiwa utepe mweusi uliokauka na kupasukapasuka. Upande mmoja kimetoa waya kama mkia wa panya, upande wa pili kina sikio lenye tundu la skrubu. Nilikiokota nikakinusa. Kilinuka karafuu za kasha, na chini ya karafuu, kwa mbali sana, oili ya gari. Nilikaa palepale sakafuni, mtu mzima na miguu yangu hii mibovu, wenzangu wakagawana kanga hata ya kwangu sikuichagua.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia makosa ya maandishi. Lakini hapa Kibaha, kuanzia Maili Moja mpaka Pangani, mwenye gari lenye redio inayopiga kelele anaelekezwa kwangu. Wananiita Bibi Lehemu. Wenye vyeti vyao hulihangaikia gari siku tatu, wananunua spika mpya, wananunua redio mpya, kelele iko palepale, halafu wanamwambia mteja, "Hebu mpelekee yule bibi." Mimi nikija namuuliza swali moja kabla sijashika hata bisibisi: ukizima injini, redio ikabaki inaongea, kelele inaendelea au inanyamaza? Ikinyamaza, redio yako haina kosa, iache. Kelele inatoka kwenye injini. Hilo ndilo swali la kwanza na hakuna la kuliruka. Hakunifundisha mwalimu. Nililisikia nikiwa na miaka tisa, nikalikalia kimya, na kimya changu kikamla mtu.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka tulivyokuwa tukianika betri za redio juu ya bati ili zipate uhai wa siku moja zaidi. Wengi pale kijijini walikuwa na redio zilizokaa kabatini kama picha, betri hakuna. Baba alikuwa na pikapu ya kijani ya kubebea mkaa na mihogo kwenda mjini, na siku aliyofunga redio ndani ya ile pikapu, uwanja wetu uligeuka kuwa sikio la kijiji. Kila jioni, saa ya matangazo ya vifo, alifungua milango yote miwili, akaongeza sauti, na watu wakatandika majamvi. Msomaji akianza, hata kuku walifukuzwa. "Marehemu ni binamu yake fulani wa Mzenga, mazishi ni kesho." Mtu akisikia jina la ukoo wake anainuka, anakung'uta msuli, anaondoka bila kuaga. Ndivyo tulivyopata habari za kufa kwa watu wetu. Si mchezo kuzikosa.

Injini ilikuwa inaachwa inawaka muda wote huo. Betri ya pikapu ilikuwa imechoka; ukizima, kuiwasha tena ni mpaka wasukume wanaume sita, na uwanja wetu uko bondeni, pa kuisukumia ni juu. Basi Baba alikuwa na amri moja: gari likishaingia uwanjani na redio inasikilizwa, hakuna kuzima.

Redio ile ilifungwa na Fundi Shomari. Alikuwa kijana wa Soga, huko upande wa Kibaha ambako siku hizi treni ya umeme inapita kama upepo. Enzi zile palikuwa pori na reli ya zamani. Alipanga chumba karibu na soko la Kisarawe, akawa anatengeneza redio na pasi. Mwembamba, meno ya mbele yamepishana, anapenda utani na watoto. Aliniita Mkaguzi, kwa sababu nilikuwa siondoki kwenye gari la Baba. Nilijua spana zote kwa namba. Baba akija na pikapu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye usukani, na hakuna kaka aliyethubutu kunitoa.

Siku ya kwanza redio ililia. Nyuma ya sauti ya msomaji kulikuwa na mluzi mwembamba. Baba akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka. Watu walicheka, wakasema gari la Mzee limejifunza kupiga mluzi kama wahuni wa stendi. Baba hakucheka. Fundi Shomari aliinamisha kichwa akasikiliza, akasema, "Mzee, nipe gari kesho asubuhi. Na huyu Mkaguzi nipe."

Asubuhi akaendesha mpaka juu, kwenye mteremko wa zahanati, ambako gari likizimwa huwaka lenyewe kwa kuserereka. Tulikuwa wawili tu. Redio iko wazi, injini inanguruma, mluzi unalia. Akanigeukia, kakunja uso kama shehe.

"Mkaguzi, unamsikia mpiga mluzi?"

"Namsikia."

"Sasa mimi nitamwamrisha. Wewe mtazame tu." Akainua mkono wa kulia hewani, akanyoosha kidole, macho yangu yakakifuata kidole. "Nyamaza!"

Mluzi ukakatika. Redio ikaendelea kuongea, safi, kama mtu aliyekaa kati yetu. Nywele zilinisimama. Mkono wake wa kushoto, ule niliokuwa siutazami, ulikuwa kwenye ufunguo. Hilo nalijua leo. Siku ile niliona kidole tu. Akacheka mpaka akapaliwa, akaliachia gari likaserereka, injini ikashika, na mluzi ukarudi.

"Umeona?" akasema. "Hakai redioni huyu. Anakaa injini. Sasa twende tukamfunge huko huko kwake."

Alikuwa anatania na mtoto. Basi. Mtoto yule akayachukua maneno yote kama yalivyo: kuna mtu anakaa kwenye injini, Fundi Shomari anamwamrisha, na anakwenda kumfunga. Nyumbani akafungua boneti, akatoa mfukoni kikopo kile cha bati, akakizungushia utepe mweusi, akakikaza kwenye ubavu wa dainamo na ule waya akauunganisha panapotoka umeme. Wakati anakaza alikuwa anapiga mluzi mdogo kwa ulimi, taratibu, anaufuata ule wa redio ili asikie kama unashuka. Mimi niliona midomo inacheza na sauti haitoki vizuri. Kwetu mtu anayechezesha midomo huku anafunga kitu, anakinuizia. Mluzi ukafifia, ukafifia, ukaisha.

Sasa nifike kwa Shangazi Tatu, maana bila yeye hayo yote yangekuwa hadithi ya kuchekesha. Alikuwa dada yake Baba wa mwisho, na ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kuachika na kurudi kwao. Nililala naye kitanda kimoja cha kamba. Alinisuka kila Ijumaa, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake, ananipiga kitana nikilia: "Tulia wewe, hichi kichwa au kifuu?" Alinuka nazi na moshi wa kuni. Nilikuwa namtaka awe wangu mpaka siku ya kufa.

Fundi Shomari akaleta posa. Baba akakubali papo hapo, maana redio sasa ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Shangazi akaanza kuimba akitwanga. Akaanza kushona mikeka. Na alipoambiwa kwamba wakishaoana watahamia Soga kwa wazazi wa mume, mimi nilimuuliza, "Na mimi nitalala wapi?" Akacheka, akasema, "Wewe utaolewa na pikapu."

Sitaki pole ya mtu kwa nitakayosema hapa. Watoto si malaika kama mnavyodai. Neno lile lilinichoma, na nilikaa nalo.

Haukupita mwezi, mguu wa Baba ukavimba. Goti lilikuwa kama boga. Sindano za hospitali hazikusaidia, akawa wa kukaa kwenye kiti barazani, gari linaendeshwa na mdogo wake, Baba Mdogo. Bibi, mama yake Baba, akaanza kutafuta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini kila moja lilikuwa kama msumari. "Tangu redio ile iingie uwanjani kwangu," alikuwa anasema, "mwanangu hajalala salama." Halafu adhuhuri moja akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi, jikoni, akaniuliza taratibu.

"Mwanahawa, wewe ndiye unayeshinda na lile gari. Umeona nini?"

Sikusema uongo. Nimejipekua miaka yote hii kutafuta mahali niliposema uongo, ningepata nafuu. Nilisema nilichokiona. Nikasema kuna mtu anakaa kwenye injini. Nikasema Fundi Shomari alimwambia nyamaza, akanyamaza. Nikasema alimfunga kwa kikopo chenye utepe mweusi na alikuwa anachezesha midomo. Bibi aliacha kuchambua mchele. Ungo ukabaki magotini.

"Yupo Tatu alipofanya hayo?"

"Hakuwepo. Tulikuwa mimi na yeye."

"Subhanallah," akasema Bibi. "Hirizi ya heri unavishwa mbele za watu. Ya kufichwa ni ya shari."

Na mimi, nilipoona uso wake ulivyobadilika, nilijua harusi imekufa. Nilifurahi. Andikeni hivyo hivyo: nilifurahi.

Wakubwa waliogopa kukigusa. Wakasema mikono ya mtoto haina dhambi, atoe mtoto. Nikapewa spana namba kumi. Bibi alisimama nyuma yangu anasoma, Baba anatazama kutoka kwenye kiti, Kaka Kondo, ambaye leo ni mzee wa ukoo, alikuwa kashika boneti. Nilikifungua kwa sekunde chache. Nilijisikia mkubwa. Bibi akakipokea kwa jani la mgomba, akakiweka kwenye kifuu cha maji ya chumvi.

Jioni, saa ya matangazo, watu wamekaa kwenye majamvi. Mimi niko kwenye usukani kama kawaida. Baba Mdogo akawasha redio. Mluzi huo, mkali kuliko siku ya kwanza, au ndivyo tulivyousikia. Bibi akasimama akaonyesha gari kwa kidole.

"Mnasikia? Kimeng'olewa kinalia. Kinamlilia mwenyewe."

Hakuna aliyesikia matangazo ya siku ile. Na katikati ya mluzi ule akatokea Fundi Shomari na baiskeli yake, kabeba papai kwenye keria, la kumletea shemeji yake mgonjwa. Hajaambiwa lolote, hajasalimia, akasimama akainamisha kichwa kama mtu anayesikia jina lake. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani katoa kikopo changu kwenye dainamo?"

Mpaka leo nikilikumbuka neno lile nafumba macho. Uwanja mzima uliguna. Baba Mdogo akauliza, "Umejuaje kama kimetolewa? Boneti imefungwa. Umejuaje?"

"Si nasikia!"

"Sisi wote tuna masikio. Mbona sisi hatujui?"

Hapo ndipo alipoona majamvi, akaona nyuso, akaona kifuu cha maji ya chumvi miguuni pa Bibi na kikopo chake kimezama humo pamoja na jani la mgomba. Alicheka kidogo. Alidhani bado ni utani. "Jamani, hiyo ni kondensa. Kila gari linayo. Inanyonya kelele za dainamo zisipande redioni. Mzee, mimi na wewe ni wa kufanyiana hivyo?"

Baba alikuwa anautazama mguu wake. Akasema, "Shomari, mtoto alikusikia unaamrisha kitu kinyamaze. Kikanyamaza. Ni kweli au si kweli?"

"Nilizima injini, Mzee! Nilikuwa nacheza na mtoto! Zimeni injini sasa hivi mtasikia wenyewe. Zimeni tu. Mluzi utakatika na mimi niko huku, mikono yangu hii hapa." Akaiachia baiskeli ikaanguka, papai likapasuka, akainua mikono yote miwili juu. "Mtu mmoja azime injini. Sitaki kingine."

"Gari likizimwa nani atalisukuma?" alisema mtu. Mwingine akasema, "Anataka lizimwe limpe nguvu." Ndivyo watu walivyo. Neno moja likishakaa, lingine linalipanda mgongoni.

Ndipo akanitazama mimi. Nilikuwa kwenye usukani, ufunguo uko hapa, mbele ya goti langu, unatikisika na injini. Sura yake naiona. Hakuwa na hasira.

"Mkaguzi," akaniambia. "Zungusha ufunguo, mwanangu. Mara moja tu."

Mkono wangu ulikwenda. Nilishika ufunguo, nikausikia ulivyo wa moto. Bibi akasema, bila kupaza sauti, "Mwanahawa." Na nikatazama mlango wa jikoni, Shangazi Tatu kasimama pale na mwiko mkononi, midomo wazi, ananitazama mimi peke yangu. Yeye naye alikuwa anangoja. Nikiuzungusha, ataolewa, ataondoka. Hilo nililijua vizuri kuliko mambo yote ya injini.

Nikautoa mkono, nikaukalia.

Fundi Shomari aliokota baiskeli. Hakuipanda, aliikokota mpaka akapotelea njiani, na watoto wa kijiji wakamfuata wakipiga mluzi. Bibi alikifunga kikopo kwenye kitambaa, akampa Shangazi akakitupe mtoni kabla jua halijazama na asigeuke nyuma. Shangazi akaenda, akarudi, akasema, "Nimetupa." Usiku ule nilipokwenda kitandani kwetu nilikuta amelala katikati, amejinyoosha. Akasema, "Kuanzia leo utalala kwa Bibi." Hakunisuka tena. Yule niliyemzuia asiondoke alibaki nyumba moja na mimi, na alikuwa mbali kuliko Soga.

Baada ya siku kumi goti la Baba likapasuka lenyewe. Kumbe lilikuwa jipu la ndani. Usaha ukatoka, mwiba wa mkorosho ukatoka pamoja nao, akatembea. Kijiji kizima kikasema: mmeona? Hata mwiba wenyewe walisema umetumwa. Mluzi haukukoma, Baba akaacha kuiwasha redio, na msiba wa mjomba wake wa Masaki ya Kisarawe tukaupata watu wameshazika. Hilo hakuna aliyemhesabia Bibi, wala mimi. Shangazi walikuja kumchumbia wawili, akawakataa. Halafu hawakuja tena.

Ukweli wa kikopo niliujua lini? Nilikuwa mwanamke mzima, nimeachika na watoto watatu, nakaanga vitumbua Maili Moja kando ya gereji. Siku moja nampelekea fundi wa redio vitumbua vyake, harufu ya lehemu imejaa, na juu ya meza yake kimekaa kikopo. Kile kile. Sikio, mkia, kila kitu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Kondensa, mama. Inanyonya kelele."

"Inanuiziwa?"

Alicheka mpaka akaweka chini chuma cha lehemu. Mimi sikucheka. Vitumbua viliungua siku ile, wateja wakanisusa. Kesho yake nikamwambia anifundishe, akadhani natania. Nikamwambia nitakuletea vitumbua bure mwaka mzima, wewe nifundishe tu kelele zinatoka wapi. Mafundi walinicheka, wakaniita mama kitumbua. Wengine wao leo wananiletea magari. Sikuingia kazi hii kwa njaa, kama wanavyosema wanaonisifu misibani. Niliingia kutafuta kama kuna namna yoyote Fundi Shomari angeweza kuwa na makosa. Haipo. Alifanya kazi safi, na alitumia vifaa vya kubangaiza.

Nilikwenda Soga. Dada yake alinipokea vizuri mpaka niliposema natoka Kisarawe. Akaniambia habari zilimtangulia kaka yake nyumbani, hata huko hakuna aliyempa redio tena. "Alichoma mkaa," akasema, "mpaka kifua kikamshinda. Gari likipita na redio alikuwa anaingia ndani." Nikauliza kaburi. Akasema, "La nini kwako?" Nikaondoka.

Kisha nikaenda kwa Shangazi, nikamkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, kikopo, dainamo, ufunguo. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Alinionyesha kabla hajakifunga," akasema. "Alinieleza kazi yake. Nilijua."

"Mbona hukusema, Shangazi?"

"Nani angemsikiliza mchumba wake? Ulikuwepo wewe uliyeona." Akapuliza makapi. "Na leo umekuja kuniambia mimi. Waambie waliokuwa uwanjani."

Nilimwitikia ndiyo. Sikuwaambia. Bibi alikufa, Baba akafa, Baba Mdogo akafa, na kila msiba nilisema nitasema, nikala pilau nikapanda gari nikarudi Kibaha. Mimi ninayewakemea mafundi wazima mbele ya wateja wao.

Basi siku ya arobaini nilitoka chumbani na kikopo mkononi. Ukoo ulikuwa umekaa uwanjani, uwanja ule ule. Kaka Kondo alikuwa kwenye kiti cha Baba. Nikasema, "Kaa hapo hapo, Kaka. Leo mtanisikiliza." Nikaleta pikapu yangu, kuukuu kama mimi, nikafungua boneti, nikawasha injini na redio. Redio safi. Nikafungua kondensa yangu kwenye alteneta, ndiyo dainamo ya siku hizi, mbele ya macho yao. Mluzi ukaanza, unapanda na kushuka na mafuta. Kaka Kondo akashika mkongojo wake. Aliukumbuka.

Nikawaeleza kila kitu. Kidole, ufunguo, mteremko wa zahanati. Nikasema mimi ndiye, si Bibi wala si Baba. Hata kulia nililia, na si kawaida yangu. Kisha nikachukua kikopo cha Fundi Shomari, nikakwangua kutu kwenye sikio, nikakifunga mahali pa kile changu. Nilikuwa nimekipima kwa mita yangu. Kimepungua, lakini hakijafa. Nikakaza. Mluzi ukashuka, ukashuka, ukabaki mdogo kama wa mbu, ukaisha. Miaka yote ile ndani ya fundo la kanga, na kazi yake bado kilikuwa kinaijua.

Nikamtazama kaka yangu. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake.

"Mwanahawa," akasema, taratibu, kama anayemwonea mtu huruma. "Mpaka leo kinafanya kazi?"

"Mpaka leo, Kaka. Si umesikia?"

Akatikisa kichwa. "Basi Bibi aliona mbali. Dawa ya yule mtu ilikuwa kali. Ndiyo maana Tatu hakuolewa, kumbe alikuwa amekilalia." Akamgeukia mkewe. "Waondoeni watoto karibu na hilo gari."

Wakawaondoa. Wifi aliwavuta wajukuu kwa mikono, mmoja analia anataka kusikiliza redio. Watu wakaanza kukung'uta kanga na kukunja majamvi, bila kuaga, kama zamani mtu aliyesikia jina la ukoo wake.

Nilirudi kwenye usukani. Injini inawaka, ufunguo unatikisika mbele ya goti langu. Nikauzungusha. Injini ikazimika, redio ikabaki inaongea peke yake, safi, inasoma habari za mvua. Nikaiongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna aliyesogea karibu kusikiliza.